Vizimba Vitatu vya Kwanza

Mwanaume niliyekuwa namsubiri Jumapili aje kwetu na shangazi yake, mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia karatasi ya kumfukuzisha kazi siku ya Jumatano. Sikutumwa na mtu, wala sikulishwa kitu. Niliiandika kwa mikono yangu hii miwili, nikaisoma mara mbili kuhakikisha hakuna herufi iliyoruka, nikatia saini, kisha nikaenda kunywa maji.

Usinihukumu bado. Ngoja kwanza nikueleze kazi yetu, maana bila kuijua utaniona mchawi.

Pale kazini tunafuga panya. Sio hawa wa darini wanaotafuna viatu vya watu. Hawa ni wa utafiti, weusi tititi, wanalala kwenye vizimba visafi kuliko chumba changu. Ukoo wao mmoja Daktari, mkuu wetu, ameulea miaka minane bila kuuchanganya na damu nyingine, kwa sababu dawa anazozijaribu zinataka panya wanaofanana mpaka ndani ya mifupa. Akiingia mgeni mmoja tu akazaa nao, miaka minane imekwenda na maji.

Kazi yangu mimi ni kuhakikisha mgeni hajaingia. Mtunza panya anakata kipande cha sikio, kidogo kuliko punje ya mtama, anakidondosha kwenye kishimo cha sinia la plastiki. Sinia moja lina vishimo tisini na sita: safu nane, kila safu vishimo kumi na viwili. Mimi natoa vinasaba kwenye kile kipande, natafuta alama. Alama ni mahali ambapo ukoo huu na ule hawafanani. Ya huyu ni ndefu, ya yule ni fupi, na ukiwasha taa unauona mstari wake umesimama juu au chini. Zamani tulikuwa tunasoma alama mia na ushee kwa kila panya, wiki mbili macho yanakutoka. Mwaka huu nilizichambua zote nikabakiza sita zinazotosha kusema ukweli, na majibu yakawa yanatoka kwa siku mbili. Nilijisikia, sikufichi. Nilitembea pale kazini kama mtu aliyezaa mapacha.

Kulikuwa na ya saba, ya kuonyesha dume na jike. Daktari akasema hiyo tuiondoe, inatuchelewesha bure. Jinsia mtunzaji anaiona kwa macho na kuiandika. Nikaiondoa.

Sasa mtunzaji mwenyewe. Pale wote wanamwita Mjomba, eti kwa sababu panya ni wapwa zake. Mrefu, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi, na mimi nilikuwa namalizia kweli, ndiyo maana akaniita Bi Haraka. Tulipendana kupitia kidirisha. Nyumba ya panya na maabara yangu vimetenganishwa na ukuta, na ukutani kuna kidirisha chenye milango miwili ya kioo. Yeye akifungua wa kwake, wangu unajifunga, ili uchafu usivuke. Miaka miwili alinipitishia masinia pale. Kwanza tukawa tunaamkiana kwa mikono. Baadaye tukawa tunachelewa kufunga vioo. Siku moja akanipitishia sinia, na juu yake karatasi imeandikwa, kwa mwandiko wake ule wa kulala: Ukitoka saa kumi, mimi pia natoka saa kumi. Basi, ndio ikawa hivyo.

Kwetu haikupokelewa vizuri. Mama yangu ni fundi cherehani, amenisomesha kwa sindano tangu baba atutoke, na alikuwa na picha yake kichwani ya mkwe mwenye tai. Nilipomtajia kazi ya Mjomba aliacha kushona. Akaniuliza kama nimesoma vitabu vyote vile ili niolewe na mlisha panya. Alinuna miezi mitano. Aliyemlainisha ni jirani yetu mmoja, sijui alimwambia nini, na hatimaye mama akasema haya, huyo shangazi mtu na aje Jumapili ya wiki ijayo tumsikie. Hakusema kwa furaha, lakini alisema, na mimi nililala siku hiyo nikicheka peke yangu.

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya karatasi.

Jumatatu Mjomba akapitisha sinia. Safu saba za kwanza zilikuwa za ukoo wa Daktari, na safu ya mwisho ilikuwa ya panya kumi na wawili wa ukoo mwingine, weusi vilevile, waliohamia chumba cha jirani mwezi uliopita. Nikafanya kazi yangu. Jumatano asubuhi nikawasha taa, nikaona. Panya kumi na wawili wa mwanzo kabisa, wale wa kizimba cha kwanza, cha pili na cha tatu, walikuwa na alama za ukoo wa wageni. Na wale kumi na wawili wa mwisho, waliotakiwa kuwa wageni, walikuwa na alama safi za ukoo wa Daktari.

Maana yake ilikuwa moja. Kuna mtu, wakati wa kuosha vizimba, aliwarudisha panya mahali sipo. Na mtu anayeosha vizimba ni mmoja tu.

Ningeweza kunyamaza? Nimejiuliza sana. Niliandika kwa sababu nilichoona ndicho nilichoona, na kwa sababu nyingine ambayo nimechelewa kuikubali: sita zile zilikuwa alama zangu, na sikutaka mtu aseme zimeficha kitu kwa sababu ya mapenzi. Daktari alisoma amesimama. Akakaa. Akasema kama wageni wameishi humo mwezi mzima, hakuna wa kumwamini tena. Ukoo wote uondolewe Ijumaa saa nane mchana, waanze upya. Na Mjomba, Ijumaa hiyohiyo, akabidhi funguo. Toka dakika ile asiingie tena kwa panya, aende kuosha vizimba vitupu mpaka muda wake uishe.

Nilimkuta korido, karibu na mlango wa kubadilishia nguo, ameshika barua. Nilijua atauliza kwa nini sikumwambia kwanza. Hakuuliza hilo.

Aliniambia, "Rudia kupima."

Hilo tu. Na mimi, badala ya kusikia mtu anayezama anaomba mkono, nilisikia mtu anayesema kazi yangu ya mwaka mzima ni ya ovyo. Hasira zangu mimi ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nikamwambia alama hazina shemeji. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake isiyopanda hata ukimkanyaga, kwamba vizimba vile vitatu ni majike watupu, yeye amewashika mmoja mmoja, na wale wageni ni madume watupu, na mtu mzima hawezi kuchanganya hao.

"Nenda kawaangalie," akasema.

Ndipo nikafungua mdomo. Mdomo huu ulioniponza tangu shule ya msingi.

"Wewe kazi yako ni kulisha," nikamwambia. "Kupima niachie mimi."

Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, akanipisha nipite kama vile mimi ni mgeni wa heshima. Nilipita. Nilifika hadi mwisho wa korido ndipo nikasikia nilichokisema, na kilikuwa na sauti ya mama yangu.

Alhamisi nilikuwa mtu wa kusogeza mikono tu. Ilipofika mchana nikachukua vinasaba vilivyobaki vya sinia lile, nikatoa kwenye friji dawa ya kuisomea ile alama ya saba tuliyoifukuza, ya dume na jike. Usidhani nilifanya kwa mapenzi. Nilifanya kwa ukaidi. Kama amesema ni majike, basi na alama iseme, nimpe karatasi ya pili aone kwamba alama zangu haziogopi kitu. Nikaweka kwenye mashine, nikaiacha izunguke, nikaenda nyumbani.

Mama alinipokea na uso mkunjufu ambao sikuupenda. Akaniambia yule bwana alipita mchana, amesema Jumapili wasisubiriwe, amepata matatizo kazini na ni bora mambo yakae. Mama hakushangilia, ni mwanamke mwenye adabu, lakini alipiga mshono wa shuka kutoka upande huu mpaka ule bila kusimama, na mwishoni akasema kila lenye heri na mimi Mungu atalileta. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Nililia mpaka mto ukalowa upande wa pili, nikaugeuza, nikaendelea.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika. Nikawasha taa.

Alama ya saba ni rahisi hata mtoto angeisoma. Jike ana mstari mmoja, dume ana miwili. Nikaangalia vishimo kumi na viwili vya kwanza, vile vya vizimba vitatu. Miwili. Miwili. Miwili. Mpaka wa kumi na mbili, wote madume.

Mawazo ya kwanza yalikuwa, umeona, muongo huyu. Nikavuta daftari lake la vizimba, analolipitisha pamoja na sinia, ili nimkamatie palepale. Mwandiko wa kulala, na tarehe ya Jumatatu, siku aliyokata masikio: kizimba cha kwanza, jike, jike, jike, jike. Kila mmoja na namba yake ya sikio, na kwa baadhi ameongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba. Ana mimba. Mkorofi. Huyu anapenda kona.

Ana mimba.

Nikakaa chini. Dume hashiki mimba, hata kwa mapenzi gani. Aliyemshika mkononi ni jike, na kipande nilichokipima mimi ni cha dume. Basi kile kipande hakikutoka kwenye sikio la yule panya. Nikachukua majibu yote tisini na sita nikayasoma kinyumenyume, wa mwisho nikamfanya wa kwanza, wa kwanza nikamfanya wa mwisho. Kila mmoja akaenda kukaa nyumbani kwake. Majike wakawa majike, wageni wakawa wageni kwenye safu yao ya mwisho, na ukoo wa Daktari ukawa safi, hauna hata doa. Hakuna panya aliyehama kizimba. Kilichozunguka ni sinia, na aliyelizungusha ni mimi.

Nikwambie ukweli, aibu ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa raha. Nilikaa pale sakafuni nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Jumatano. Sijawahi kufurahi kukosea namna ile. Nilijiambia kwa sauti, mjinga wewe, mjinga mkubwa wewe, na nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Kisha nikakumbuka saa nane, nikakimbia.

Daktari ni mama wa makamo anayevaa miwani mbili kwa zamu, moja ya kusoma na moja ya kumwangalia mtu. Nilimwekea daftari na majibu mezani nikamwambia yote bila kupumua. Nilitegemea anigombeze. Aliinuka tu, akavaa koti la kuingilia, akanitupia na la kwangu, tukaingia kwa panya. Akafungua kizimba cha kwanza, akamshika wa kwanza kwa mkia, akamwinua kwenye mwanga.

"Jike," akasema.

Akachukua wa pili. Jike. Akaenda hivyo vizimba vyote vitatu, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alitamka neno lile kwa sauti ya mtu anayekula kidonge kichungu. Yule mwenye mimba alikuwa keshazaa, vitoto vyekundu vimejikunja kwenye kona. Daktari akafunga taratibu.

"Siku tatu," akasema, "hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kuangalia."

Alisema kosa la sinia ni langu, na kosa la kuondoa alama ya saba ni lake, na kuanzia leo ya saba inarudi hata ikituchelewesha mwezi. Akapiga simu kusimamisha yale ya saa nane. Akaichukua nakala ya barua ya Mjomba, akaichana vipande viwili, akanipa.

"Nenda kamwambie wewe," akasema. "Karatasi uliandika wewe."

Chumba cha kuoshea vizimba kiko nyuma, kina mashine kubwa inayotoa mvuke na kelele. Mjomba alikuwa amevaa aproni ya mpira na mabuti, anapanga vizimba vitupu. Aliponiona alizima maji, akasubiri. Alikuwa hajanyoa. Nilikuwa nimejiandaa na maneno njiani, yote yakayeyuka.

"Panya?" akauliza. Hata salamu hakuna.

"Wazima," nikasema. "Wote. Hawaguswi. Na wewe huendi popote."

Nikampa vile vipande viwili vya barua. Alivitazama kwa muda, kisha akatafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Mabega yake, ambayo nilidhani siku zote yako hivyo, yakashuka. Nikajua kumbe alikuwa ameyabeba. Akafunika uso kwa mikono yenye povu, akakaa hivyo, na mimi nikasimama kama nguzo nisijue kama naruhusiwa kumgusa.

Nikamweleza. Nikamwambia alikuwa mkweli, majike ni majike, na sinia mimi ndiye niliyelizungusha. Ila jinsi nilivyolizungusha sielewi. Siku zote yeye analipanga upande wake, safu ya kwanza iko kwake; nikilipokea kwangu liko juu chini, basi mimi naligeuza kabla ya kuliweka mezani. Miaka miwili nageuza, mkono unageuza wenyewe hata nikiwa usingizini. Masinia ya zamani yalikuwa na pembe moja iliyokatwa ya kukuonyesha mwanzo, haya mapya hayana pembe, na herufi zake ni za plastiki juu ya plastiki, huzioni mpaka uelekeze kwenye taa. Lakini niligeuza kama kawaida. Nakumbuka niligeuza, mkono uliniuma.

Mjomba akatoa mikono usoni.

"Jumatatu ulikuwa umefunga bandeji," akasema.

Nilikuwa nimeteguka kifundo cha mkono Jumamosi, kwa kubeba jora la kitambaa la mama. Nikasema ndiyo, kwani vipi.

"Nilikuona kwenye kioo." Akafuta povu kwenye aproni. "Nikaona utapata shida kuligeuza. Nikaligeuza mimi kabla sijalipitisha. Ili wewe usiligeuze."

Tukatazamana.

Yeye aligeuza. Mimi nikageuza. Kila mmoja kwa wema wake, na kati yetu sisi wawili tulikuwa tumebakiza saa chache kuua ukoo mzima wa panya na kuvunja nyumba ambayo haijajengwa. Aliyeanza kucheka ni yeye. Huwa hacheki kwa sauti, hutikisika tu, lakini siku hiyo alitoa sauti, na mimi nikaangukia ukutani nikashika mbavu. Tulicheka mpaka mashine ikamaliza kuosha ikanyamaza, na hata hapo hatukuweza kuacha. Kila mmoja akijaribu kusema kitu, mwenzake anaonyesha kwa mikono sinia linageuzwa, tunaanza upya.

Kisha akanyamaza, akafuta macho.

"Sinia tumeligeuza wote wawili," akasema. "Yale maneno uliyasema peke yako."

Nilijua anasema maneno gani. Nikavuta ndoo nyingine, nikakaa mbele yake, magoti yetu yakagusana, maji ya aproni yake yakanilowesha sketi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliongea taratibu kama yeye. Nikamwambia sikuwa na sababu. Nikamwambia sikukasirika kwa sababu alikosea, nilikasirika kwa sababu niliogopa kuwa nimekosea mimi, na nikachukua jiwe lililokuwa karibu nikamrushia. Nikamwambia daftari lake limejua panya wale kuliko mashine zangu zote, na kwamba naomba radhi, na kwamba nampenda, ingawa hilo halifuti lile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunimalizia sentensi.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Yalikuwa maneno ya mama yako. Yeye nimemzoea. Kwenye mdomo wako sikuyazoea."

"Hutayasikia tena."

"Sitaki kuyasikia tena," akasema, na akanishika ule mkono wenye bandeji, kwa vidole viwili tu, kama anavyoshika wale wenye mimba. "Nilishakusamehe tangu jana. Nilitaka tu uyasikie mwenyewe."

Nikaegemeza paji la uso kwenye aproni ile ya mpira, yenye harufu ya sabuni na panya, na sijawahi kunusa kitu kizuri zaidi. Tukakaa. Lakini nilipotaja Jumapili, alijivuta nyuma kidogo. Akasema keshamwambia shangazi yake asije. Na yeye mwenyewe alishakwenda kwa mama kusema haipo, hawezi kurudi tena kubisha hodi, leo nakuja, kesho siji, kesho kutwa nakuja, mzazi atamwona mtu gani. Mama akimwita atakuja. Asipomwita, atasubiri. Alisema hivyo bila kinyongo, na nikajua hiyo ni sehemu ambayo hawezi kunifanyia.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa anapachika vifungo. Nikamwambia Mjomba hajafukuzwa, na hakuchanganya panya, kulikuwa na kosa. Akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu anayemshukuru Mungu kwa ajili ya jirani, akauma uzi.

"Kosa la nani?" akauliza.

Hapa ndipo ningeweza kusema la mashine. Mama hajui mashine.

"Langu, mama. Ile karatasi iliyomfukuzisha niliiandika mimi. Nikatia saini."

Mkono wake ukasimama. Akavua miwani, akaniangalia kama nilipokuwa na miaka saba nimevunja kitu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na yeye anajua?"

"Alijua tangu Jumatano. Jina langu liko chini."

Mama akakusanya vifungo kiganjani, akavirudisha kwenye kopo kimoja kimoja. Kisha akanisimulia kitu ambacho hakunisimulia Alhamisi. Mjomba alipokuja alimkaribisha kiti, akakataa maji, na yeye, mama, akambana. Alitaka kujua nani kamshtaki, maana mtu hafukuzwi na upepo. Alikuwa anatafuta, akakiri, jambo la kuniambia nikirudi. Mjomba alisema ni karatasi. Mama akamuuliza karatasi ya nani. Akasema, karatasi tu, mama, za kazini. Mama akamuuliza mara ya tatu, na binti yangu yeye anasemaje. Mjomba akasema binti yako anafanya kazi yake vizuri, asisumbuliwe kwa hili.

"Alikaa pale ulipokaa," mama akasema. "Ulikuwa umemkata riziki, na hapo ndipo alipokuwa anakusifia."

Nililia, na safari hii sikwenda chumbani.

Mama hakunibembeleza. Aliinuka, akachukua utepe wa kupimia uliokuwa umening'inia kwenye cherehani, akauvaa shingoni kama anavyofanya mteja akifika. Akaenda kwenye kabati, akashusha kitambaa cheupe ambacho nilikuwa sijawahi kukiona, akakifungua mezani na kukilainisha kwa viganja.

"Lile shati alilokuja nalo mabega hayakumkaa," akasema, bila kuniangalia. "Mpigie simu. Mwambie apite kesho asubuhi na mapema, la sivyo jipya halitawahi Jumapili."